Mliotazama ile dokumentari ya mke na mume waliodai kutekwa na viumbe wa angani mwaka 1961, tukutane hapa

Kandili Bubu (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Jana nimemaliza dokumentari ya Barney na Betty Hill, wale wanandoa wa Marekani ambao kisa chao ndicho baba wa stori zote za "nilichukuliwa na visahani vya angani" mnazozisikia mpaka leo. Nimelala saa nane usiku na nikaacha taa ya korido inawaka. Nina miaka arobaini na moja na watoto watatu. Chekeni tu.

Kwa ambao hawajaiona, mambo yalikuwa hivi. Usiku wa 19 Septemba 1961 wanatoka likizo, wamepita Niagara na Montreal, wanarudi kwao Portsmouth, jimbo la New Hampshire. Wako kwenye Chevrolet ya mwaka 1957 pamoja na kijibwa chao cha miguu mifupi, Delsey. Saa nne usiku wanasimama kula mji wa Colebrook, kisha wanaishika barabara namba 3, milima huku, msitu huku, magari ya kuhesabu. Betty anaona nuru karibu na mwezi. Anadhani kimondo, lakini kimondo gani kinapanda? Wanasimama, wanaangalia kwa darubini, mbwa anajisaidia, wanaondoka. Nuru ipo. Wakikata kona inapotea, wakitokeza ipo.

Sehemu moja inaitwa Indian Head, Barney anasimamisha gari katikati ya barabara. Anashuka, bastola mfukoni, darubini machoni, anakatiza uwanjani kuelekea kile kitu. Kwenye madirisha yake anaona watu wamesimama wanamtazama. Anarudi mbio anapiga kelele kwamba wanataka kutukamata, anakanyaga mafuta. Nyuma kwenye buti wanasikia mlio, bip bip bip. Halafu wanausikia tena, ila sasa wako zaidi ya kilomita hamsini mbele na hakuna anayekumbuka vizuri hapo katikati. Wanafika nyumbani kunakucha, wamechelewa kama saa mbili. Ncha za viatu vya Barney zimechubuka, mkanda wa darubini umekatika, gauni la Betty limechanika.

Siku kama kumi baadaye Betty anaanza kuota. Usiku tano mfululizo anaota wamesimamishwa njiani, wamepandishwa kwenye chombo, wamepimwa, yeye amechomwa sindano ndefu kitovuni. Barney naye vidonda vya tumbo, presha, hapati usingizi. Mwanzoni mwa 1964 wanakwenda Boston kwa daktari wa magonjwa ya akili, Benjamin Simon, anawatia hipnosisi, yaani ule usingizi wa kuongozwa na maneno ya daktari, kwa miezi mitano. Huko ndiko stori nzima ya kutekwa inatoka kwa wote wawili, na kanda zake zipo. Barney analia kwenye zile kanda. Namaanisha analia, mtu mzima, mfanyakazi wa Posta, anapiga ukelele mpaka nikapunguza sauti nisije kuamsha nyumba.

Sasa hoja yangu. Nilikaa nikitegemea kuamua kama ni waongo au wakweli. Nimeinuka nikiamini kabisa kwamba hawa watu hawakudanganya. Na bado siamini kama kulikuwa na chombo. Kwenye maoni ya watazamaji nimekuta kambi mbili tu, wa "chai hiyo" na wa "serikali inaficha". Kwani hakuna pa kukaa hapo katikati?

Mzee wa Kona

Chai. Tena ya rangi, haina hata tangawizi.

Shangazi Mdadisi

Nimeweka kigoda, endeleeni. Mleta uzi hiyo taa ya korido bado inawaka?

Fuso Mchovu

Mkuu Kandili, mimi ni dereva mwaka wa kumi na saba huu, nimeanza na Fuso sasa niko kwenye semi. Hizo saa mbili zilizopotea ndiyo sehemu iliyonifanya nicheke peke yangu.

Kuna siku nimetoka Morogoro na mzigo, nimepita geti la Mikumi nakumbuka vizuri, nimeona tembo kasimama upande wa kushoto. Kitu kinachofuata kwenye kumbukumbu ni Ruaha Mbuyuni, namenya yai la kuchemsha. Hapo katikati sina kitu. Nimekata kona, nimepishana na mabasi, nimepunguza gia, kichwani hakuna. Nimeangalia saa nikaona nimechelewa dakika hamsini na kitu. Turnboi kalala. Je, nilitekwa? Nilikuwa na saa ishirini sijafumba macho.

Sasa huyu Barney, mtazame vizuri. Alikuwa anafanya kazi zamu ya usiku Posta ya Boston huku anaishi Portsmouth, kwenda na kurudi kila siku ni mwendo wa mtu mwenye uchovu wa kudumu. Usiku ule kaendesha tangu Canada. Anasimama ovyo ovyo kuangalia nuru, anaendesha taratibu huku shingo iko nje. Halafu mnashangaa kachelewa! Mimi ningeshangaa kama angefika kwa wakati.

Na hiyo ya nuru kukufuata, mwezi unanifuata mimi tangu Chalinze.

Jicho Halilali

Wapingaji mna raha sana, mnachagua mfupa laini. Uchovu ulichana gauni? Uchovu uliweka unga wa rangi ya waridi kwenye gauni hilo? Saa zao za mkononi zilisimama na hazikufanya kazi tena. Kwenye buti la gari kulikuwa na alama za mviringo zinazong'aa, wakiweka dira sindano inazunguka. Betty aliripoti kambi ya Jeshi la Anga ya Pease siku ya pili tu, kabla ya ndoto, kabla ya daktari, kabla ya pesa. Na hawakuutangaza. Ni gazeti la Boston ndilo lililowatoa hadharani Oktoba 1965 bila wao kutaka. Mtu anayetafuta umaarufu anakaa kimya miaka minne?

Na ile ramani ya nyota? Betty aliichora baada ya hipnosisi, anasema kiongozi wao alimwonyesha. Mwalimu mmoja wa Ohio, Marjorie Fish, akakaa na shanga na nyuzi miaka kadhaa akatengeneza mfano wa nyota zilizo jirani na jua letu, akapata pembe moja ambayo inalingana na mchoro wa Betty, na kwao ikawa nyota ziitwazo Zeta Reticuli. Mwanamke mfanyakazi wa ustawi wa jamii angejuaje?

Kandili Bubu (mleta uzi)

Jicho, la kutotafuta umaarufu nakuunga mkono asilimia mia, ndiyo maana nimesema hawakudanganya. Ila kusema walikaa kimya si sawasawa. Hawakwenda magazetini, lakini Betty aliwasimulia ndugu, marafiki, watu wa kanisani, wachunguzi wa visahani, na Barney amekaa pembeni anasikia. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Ramani sasa. Chukua punje za mchele, mwaga kwenye sinia jeusi, halafu nipe ruhusa ya kulizunguka sinia, kuinama, kuchagua punje zipi nizihesabu na zipi niziache. Nitakupatia ramani ya Kariakoo. Mtaalamu wa nyota wa Marekani, Carl Sagan, alilisema hili wakati jambo lenyewe lina moto: ukiondoa ile mistari iliyochorwa kuunganisha nyota, mfanano unayeyuka. Halafu setilaiti ya Ulaya, Hipparcos, iliyorushwa 1989, ikapima umbali wa nyota vizuri kuliko vitabu alivyotumia yule mwalimu, na baadhi ya zile shanga zikaonekana zilitundikwa pasipo pake. Namheshimu sana yule mama, kazi ya miaka kwa nyuzi na shanga si mchezo. Ila vipimo alivyopewa vilikuwa vibovu.

Unga na gauni sina jibu safi. Mtu aliyekimbia uwanjani usiku na mtu aliyejikunja kwenye kiti kwa hofu wanaweza kuchana nguo na kuchubua viatu, lakini hiyo ni dhana yangu tu, sikuwepo.

Mchanga wa Wete

Assalaam alaykum. Siye wa Pemba mkitusimulia haya tunatabasamu tu.

Mwaka 1995 nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Popobawa lilipoingia, watu hawakulala ndani. Tulilala nje ya nyumba, majirani wote pamoja, mikeka imepangwa kama safu za msikitini, moto katikati, wanaume wanapokezana kukesha. Bibi yangu alinifunga kanga yake kiunoni na ncha nyingine kajifunga yeye, ili mtu akivutwa mwingine ajue. Nayakumbuka mafuta ya nazi ya ile kanga mpaka kesho. Na watu wazima, watu wa swala tano, walikuwa wanaapa kwamba limewakalia kifuani, hawawezi kunyanyua kidole, hawawezi kupiga kelele, na kuna harufu.

Nilipokuwa mkubwa ndipo nikaelewa kwamba jambo hilo lina jina la siku zote na kila bibi analijua: jinamizi. Akili imeamka, mwili bado umefungwa na usingizi, kifua kizito, unaona kivuli kimesimama. Siye tukaona popo. Wamarekani wakaona kiumbe kichwa kikubwa. Kila mtu huonana na mgeni wa kwao.

Kilichonigusa kwenye kisa hiki ni kitu kimoja. Popobawa lilikuwa na sharti: likikupata lazima uwaambie wenzio, ukinyamaza linarudi. Kwa hivyo kila asubuhi watu wanasimulia, na kila wakisimulia, jioni linaongezeka.

Nesi wa Zamu

Mchanga, nimesoma hiyo ya kanga mara mbili.

Ila niweke sawa jambo moja. Jinamizi linaeleza stori nyingi za kutekwa zilizokuja baadaye, zile za mtu kitandani saa tisa usiku anaona watu wamezunguka. Kwa akina Hill halikai, kwa sababu walikuwa barabarani, mmoja ameshika usukani. Tusilazimishe dawa moja kwa kila mgonjwa.

Kwangu mimi kiini ni hipnosisi. Watazamaji wengi wanadhani ni ufunguo wa kabati, unafungua unakuta kumbukumbu imekunjwa vizuri kama ulivyoiacha. Sivyo. Mtu aliye kwenye hipnosisi anapata vitu viwili kwa mpigo: anasema mengi zaidi, na anakuwa na uhakika zaidi. Lakini hayo mengi ni mchanganyiko wa kweli na ya kujazia, na uhakika wake hauchagui. Chama cha Madaktari cha Marekani kilitoa tamko mwaka 1985 kwamba kumbukumbu zilizotolewa kwa hipnosisi si za kuaminika kuliko za kawaida.

Dr. Simon hakuwa kanjanja, hilo dokumentari ilipaswa kulisema kwa sauti. Aliwaona kila mmoja peke yake, na mwisho wa vikao alikuwa anawafunga wasikumbuke walichosema ili wasiambukizane. Ni utaratibu mzuri sana. Tatizo ni kwamba alianza Januari 1964, na maambukizi yalishatokea tangu mwishoni mwa 1961, pale Betty alipoziandika ndoto zake na kuzisimulia sebuleni. Simon mwenyewe alihitimisha hivyo: kutekwa ni ndoto za Betty, Barney akazibeba. Huyu ndiye mtu aliyekaa nao saa nyingi kuliko sisi wote, na watu wanatumia kanda zake kuthibitisha kitu ambacho yeye alikikataa.

Jicho Halilali

Nesi, kilio kile nacho ni ndoto ya mke wake? Mtu analia hivyo kwa ndoto ya mtu mwingine?

Nesi wa Zamu

Kilio ni cha kweli. Presha ilikuwa ya kweli, vidonda vya tumbo vya kweli, hata masundosundo yaliyomtoka kinenani yalikuwa ya kweli. Nimewahi kumshika mkono mama aliyekuwa anatetemeka kwa sababu ya nyoka chini ya kitanda cha wodi. Nyoka hakuwepo. Mapigo yake yalikuwa mia arobaini na mbili, nimehesabu mwenyewe.

Mkamba wa Lowell

Habari wakubwa. Mimi ni Mkenya, niko Massachusetts, mji wa Lowell, na hiyo barabara namba 3 nimeipita. Nilipanda kule kuona majani yanavyobadilika rangi mwezi wa kumi. Pale Lincoln kuna kibao cha serikali ya jimbo kiliwekwa 2011, kinaeleza kisa chao kabisa, na jirani yake kuna sheli wamepamba na picha za hao viumbe. Unanunua kahawa unatazamana na macho makubwa. Na ule uso wa mwamba maarufu ambao akina Hill walipita chini yake usiku ule haupo tena, ulianguka Mei 2003.

Mumeongea mengi lakini hakuna aliyesema kitu kilichonishika koo. Barney alikuwa mtu mweusi. Betty mzungu. Ni 1961. Kwao New Hampshire ndoa yao ilikuwa halali, lakini kulikuwa na majimbo mengi ambako ingewapeleka jela, na hiyo ilikwisha mwaka 1967 tu. Wote wawili walikuwa kwenye NAACP, wanapigania haki za watu weusi. Kwenye ile safari Barney alikuwa na wasiwasi hoteli gani itamkubali, alikuwa anasoma macho ya watu kwenye mgahawa. Hayo yako kwenye maneno yake mwenyewe.

Sasa nirudi kwangu. Siku ile nilichelewa kushuka mlimani, giza likanikuta kwenye ile njia. Nikaona taa nyuma yangu, zinanifuata, nikipunguza zinapunguza. Mnajua nilifikiria nini? Sikufikiria visahani. Nilishika usukani kwa mikono yote miwili, juu, pale mtu anaweza kuiona. Nikaanza kufanya mazoezi ya kusema "yes sir" kwa sauti ya chini. Ilikuwa pickup ya mzee fulani, akakata kulia akaenda zake. Nilifika Lowell shati limelowa.

Kwenye hipnosisi Barney anaulizwa amemwona nani dirishani. Jibu la kwanza halikuwa kiumbe wa kijivu. Alisema mmoja ana sura kama Muairishi mwenye nywele nyekundu, na papo hapo anaeleza kwamba Waairishi huwa hawapendi watu weusi. Kuhusu mwingine akasema ni kama Nazi wa Kijerumani, na shingoni ana skafu nyeusi. Mtu mweusi, usiku, njia ya peke yake, mke mzungu pembeni, wanaume waliovaa sare wanamtazama na wanataka kumshusha kwenye gari. Nilisimamisha video hapo nikaenda kunywa maji.

Kandili Bubu (mleta uzi)

Mkamba, umesema nilichokuwa nakizungukazunguka tangu post ya kwanza. Asante sana, kaka.

Na dokumentari inakipita kitu hiki kama basi linalopita kituo. Dakika mbili za haki za raia, muziki wa huzuni, haraka turudi kwenye sindano ya kitovuni. Mimi naona pale ndipo penye kisa. Ule uso wa kwanza aliouona Barney alikuwa nao kichwani miaka mingi kabla ya kupita Indian Head.

Tena yale macho. Barney alieleza macho marefu yanayozunguka mpaka upande wa kichwa, kwenye kikao cha 22 Februari 1964. Siku kumi na mbili kabla, tarehe 10, televisheni ya Marekani ilikuwa imerusha mchezo wa kubuni wenye kiumbe mwenye macho ya hivyo hivyo. Betty alikuja kukana kwamba hawakuwahi kuutazama, na inawezekana. Sitaki kulifanya hili kuwa jibu la kila kitu. Ila linganisha na ndoto za mwanzo za Betty, wale viumbe wake walikuwa na mapua makubwa! Mapua! Hao leo wameishia wapi? Kila sinema, kila kibonzo, kila sheli ya Lincoln, ni macho tu.

Ustadh Kibao

Mnajichosha bure, haya ni majini. Yametajwa. Uzi ufungwe.

Shangazi Mdadisi

Ustadh na majini yanaulizia mboga? Maana nimeona pale kiongozi wao anamuuliza Betty watu wa duniani wanakula nini, anasema mboga, yule anauliza mboga ni nini, anaambiwa kuna za njano, anauliza njano ni nini. Kiumbe kavuka nyota kwa nyota hajui njano!

Halafu mbona hamjagusa meno? Hapo ndipo nilipoamini kwa dakika tano. Wale viumbe wanamkimbilia Betty wamechanganyikiwa, wanamfungua mdomo wanavuta meno yake, hayatoki. Ya Barney yametoka yote! Barney alikuwa na meno ya bandia. Betty inabidi awaeleze kwamba watu wakizeeka meno hutoka, wanauliza kuzeeka ni nini. Nilicheka mpaka mwanangu akaja kuona kuna nini. Mtu wa kutunga uongo angetunga kitu cha kutisha, siyo meno.

Mzee wa Kona

Shangazi, ndoto ndiyo inayotunga meno. Mimi juzi nimeota nauza kuku kwa mkuu wa mkoa, kuku wamevaa soksi.

Msafiri wa Ruwa

Nimeishi Harare miaka sita. Wanaopenda kisa hiki watafute pia cha shule ya Ariel, Ruwa, 16 Septemba 1994. Watoto zaidi ya sitini wakiwa mapumziko walisema wameona chombo na viumbe nyuma ya uwanja. Siku mbili kabla, mabaki ya roketi ya Kirusi yalikuwa yamewaka angani kusini mwa Afrika, redio zimejaa habari za visahani. Lakini wale watoto leo ni watu wazima na wengine bado wanashikilia, na ukiwatazama huoni mtu anayeuza kitu. Kwa hiyo ndugu Kandili, hapo katikati ulipotafuta pa kukaa wapo wengi tu.

Fuso Mchovu

Nimerudi, niko Makambako nasubiri tairi. Kuna mtu kwenye dokumentari alisema juu ya mlima ule wa Cannon kuna taa ya mnara, na ukiendesha ile njia inajificha na kutokea kutokana na kona na vilele. Mbona wakaipitisha kwa sentensi moja? Kwa dereva hilo ndilo swali la kwanza. Taa iko juu, wewe uko chini kwenye kona, hujui ni juu ya mlima kwa sababu mlima huuoni gizani. Inakaa hewani. Inakuja inaondoka. Wallahi ningekuwa mgeni wa njia ningeshuka na spana.

Jicho Halilali

Na Jeshi la Anga nalo lilisema huenda ni sayari ya Mshtarii. Mara mnara, mara sayari, mara ndoto, mara uchovu, mara ubaguzi. Kila mtu ana jibu lake na hakuna majibu mawili yanayofanana. Sisi angalau tuna jibu moja.

Kandili Bubu (mleta uzi)

Hapo Jicho umenipiga ngumi ya halali, sikatai.

Lakini angalia mwisho wao. Barney alifariki Februari 1969, damu ilivuja kwenye ubongo, ana miaka 46 tu. Betty akaishi mpaka 2004. Na baada ya kubaki peke yake akawa anatoka usiku kwenda kutazama visahani, akawa anaviona vingi, vingi mno, mpaka mchunguzi mmoja wa visahani aliyefuatana naye akasema mama huyu hawezi kutofautisha chombo kilichotua na taa ya barabarani. Watu wa kambi yako, Jicho, ndio waliomkimbia kwanza. Ile sehemu iliniuma. Mama yupo kwenye gari usiku, mume hayupo, anatazama taa.

Gauni lipo Chuo Kikuu cha New Hampshire pamoja na karatasi zao. Lile lile la usiku ule.

Baba Zuhura

Mimi ni msomaji tu, huwa siandiki humu, ila Nesi na mleta uzi mmenigusa penyewe na hiyo ya mke kuota na mume kubeba.

Mwaka 2009 mimi na mke wangu tuliharibikiwa na gari mlima Kitonga, usiku, tunatoka msibani Njombe. Kwa miaka mingi mimi nilikuwa nasimulia kwamba alitokea kijana na baiskeli akatusaidia kusukuma gari pembeni. Mke wangu husimulia kwamba alikuwa mzee, ana kandili, kavaa koti refu, na mvua inanyesha, akatupa maji kwenye kibuyu kisha hatukuona alipoelekea. Kila kikao cha ukoo anasimulia yeye, maana anasimulia vizuri, anaigiza mpaka sauti ya yule mzee. Mimi nilikuwa nabisha. Baadaye nikaacha kubisha.

Leo nimesoma uzi huu nikafumba macho nijaribu kumkumbuka yule kijana. Hayupo. Namwona mzee. Naona kandili, naona matone ya mvua yanapiga kioo cha ile kandili na kutoa mvuke. Baiskeli nakumbuka kwamba niliwahi kuisema, basi, kuiona siioni. Na mimi ndiye niliyekuwa nabisha, wakuu.

Nimekwenda jikoni nikamuuliza, anamenya vitunguu. Nikamwambia mama Zuhura, ile mvua ya Kitonga ilikuwa kubwa?

Kanitazama. "Mvua gani?"